Nukta Nyekundu Ubaoni kwa Mama

Kila Jumapili saa kumi alasiri, ambayo kwa Mama huwa imeshatimia saa kumi na moja, nilikuwa nikisogeza kiti karibu na dirisha la chumba changu hapa Glenwood, mtaa wa Durban, na kumpigia simu. Mazungumzo yetu yalikuwa na mpangilio usiobadilika: afya yake, mvua, nyonga aliyoivunja alipoteleza kwenye ngazi za kanisa, ng'ombe, kisha mimi. Habari zikishaisha, alikuwa akisema neno moja tu, “Usikate,” na sote wawili tukanyamaza.

Jambo hili linahitaji maelezo kwa asiyetoka kwetu. Nimelelewa katika kanisa dogo la vilima vya Vihiga, magharibi mwa Kenya, ambamo waumini hukaa kimya pamoja kwa muda mrefu, bila kinanda wala mahubiri, kila mtu akimsikiliza Mungu kwa masikio yake mwenyewe. Ukimya huo si mapumziko katikati ya ibada, ndio ibada. Nilipokuja Durban kusomea shahada ya pili ya fizikia, Mama aliuhamishia kwenye simu. Enzi zile za kadi za kukwangua tulinyamaza dakika mbili, maana kunyamaza nako kulitozwa sawa na kusema. Baadaye, simu za mtandao zilipotufikia, tukawa tunakaa robo saa nzima. Nilisikia mabati yakilialia jua likipungua makali, kuku akitangaza yai lake, na pumzi ya Mama yenye mluzi mwembamba puani. Utu uzima wangu karibu wote nimeuishi katika jiji hili, na bado nikiulizwa nyumbani ni wapi, kinachonijia kwanza si nyumba wala kilima bali mluzi huo.

Kanisa hilohilo lina msimamo mwingine ambao kila mtoto wake anaujua kabla hajajua kusoma: hatushiki silaha. Babu mzaa mama alipochukuliwa vitani alikataa bunduki, akapewa machela ya kubebea majeruhi. Mama alitusimulia habari za machela hiyo mara nyingi, uzito wake na malengelenge iliyomwachia babu viganjani, hata nikakua nikiamini kwamba niliwahi kuiona.

Nami natengeneza vilengeo vya leza. Ni vijisanduku vya alumini, ukubwa wa kiberiti, vinavyofungwa chini ya mtutu wa bastola. Ukibonyeza kitufe, nukta nyekundu inatua pale ambapo risasi ingetua. Wateja wetu wengi ni kampuni za ulinzi, watu wanaosimama kwenye milango ya maduka makubwa na kusindikiza magari ya benki. Kiwanda kina wafanyakazi tisa, kimejibanza kati ya fundi wa rejeta na bohari la matairi, upande wa viwanda kusini mwa jiji. Mwenye kiwanda, mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapahapa Durban, alianza kwa kukarabati kamera na darubini za mabaharia. Kamera zilipohamia ndani ya simu, alibaki na lenzi na mafundi, akatafuta kitu kingine cha kuwafanyisha.

Sikukusudia kufika pale. Tasnifu yangu ilihusu namna mwanga unavyotawanyika ndani ya jicho lenye mtoto wa jicho, na niliamini nitaishia kuunda vyombo vya hospitali. Mkataba wangu wa kufundisha chuoni ulipokwisha, kibali changu cha kukaa nchini kikahitaji mwajiri, na mzee yule akahitaji mtu anayeielewa leza. Kazi yangu ni kulinganisha. Kiwandani hamna bastola hata moja. Tuna bonge la chuma lililochongwa kwa umbo la bastola, limefungwa mwanzoni mwa ujia wa mita kumi na tano, na mwisho wa ujia kuna ubao mweupe. Leza hukaa chini ya mtutu, kwa hiyo njia yake na ya risasi haziwezi kuwa moja. Tunachoweza ni kuzipangia mahali pa kukutana. Sisi tumepanga zikutane ubaoni. Mimi huzungusha skrubu mbili nyembamba mpaka nukta itulie palepale inapotakiwa, kisha hukwangua alama yangu, mistari miwili midogo, pembeni mwa kijisanduku. Siku nyingi nimetoka kwenye ujia ule nikiwa na furaha ya kweli, furaha ya mikono iliyofanya kitu sawasawa. Sioni faida ya kuificha.

Mama nilimwambia kwamba natengeneza vifaa vya mwanga. Sentensi hiyo haina neno la uongo. Yeye, aliyekumbuka tasnifu yangu kuliko nilivyoikumbuka mimi, aliijalizia yaliyobaki, akawaambia watu wa kanisani kuwa mwanawe anatengeneza taa za kutibu macho. Nilizisikia habari hizo kwake mwenyewe, kwenye simu, sauti yake ikiwa na fahari aliyojaribu kuifunika. Sikumsahihisha.

Mama alikuwa mwalimu wa Kiswahili na hesabu. Baada ya kustaafu alianzisha darasa la ngumbaru kwenye baraza ya kanisa, wanawake wazee wanaojifunza kusoma ili waisome Biblia wenyewe. Baada ya kuvunjika nyonga aliendelea kufundisha akiwa amekaa. “Tatizo ni kijiti,” alinilalamikia Jumapili moja. “Hakifiki ubaoni. Nasema ‘herufi ile pale,’ na kila bibi anaangalia pale pake.”

Nilijua palepale nitakachofanya, na nadhani sijawahi kufanya kazi yoyote kwa upendo kama ile. Kiwandani, kilengeo kikikataliwa kwenye ukaguzi hupondwa kwa nyundo, na watu wawili hutia sahihi daftarini kwamba kimepondwa. Ni kanuni kali, kwa sababu ya asili ya bidhaa yenyewe. Wiki hiyo kilikataliwa kimoja ambacho nukta yake ilikuwa na mkia, imevutika kama punje ya mchele. Nilikitia mfukoni. Mwenzangu wa kutia sahihi, mama wa Kikongo anayefungasha bidhaa, alisaini bila kuinua macho kwa kuwa sahihi yangu ilikuwa tayari pale.

Nilikifanyia kazi mwishoni mwa juma, wiki mbili mfululizo. Nililainisha gundi, nikainyoosha lenzi, nikaipoza, nikaanza upya, hadi nukta ikawa duara safi kama iliyochorwa kwa bikari. Nilipaswa kukata kile kibanio chake, chenye mfuo wa kuingilia kwenye bastola. Sikukikata. Bila kibanio hakiwezi kufungwa kwenye bonge la chuma, na bila kufungwa hakiwezi kulinganishwa. Haikunipitikia kabisa kwamba kifaa cha kuonyeshea herufi hakihitaji kulinganishwa na mtutu wowote. Nilikiingiza kazini mfukoni, nikakilinganisha kwa mita kumi na tano kama vingine vyote, nikakwangua mistari yangu miwili, nikarudi nacho. Mhadhiri mmoja Mkenya aliyekuwa akienda likizo alimfikishia Mama.

Jumapili iliyofuata Mama hakungoja hata salamu ziishe.

“Wewe! Leo nimefundisha kama malkia. Nimekaa kwenye kiti changu, naelekeza tu.”

“Wamekielewa?”

“Wa mbele alipiga kelele: ‘Mwalimu, kuna mdudu ubaoni!’ Akainuka na leso yake kumpangusa. Kila akipangusa, namhamishia mdudu kwenye herufi nyingine. Baraza nzima inacheka. Nikamwambia, ‘Bibi, huyo mdudu anaitwa E, mtaje jina atakaa.’ Akamtaja!”

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, “Usikate,” na ukimya wa siku hiyo ulikuwa mrefu kuliko wote ninaoukumbuka.

Mwezi wa Desemba mpwa wangu, ambaye ni askari polisi, alikwenda likizo nyumbani. Yeye ndiye aliyenisimulia baadaye, kwa aibu, akiapa kwamba hakujua. Alikikuta kile kijisanduku juu ya meza, karibu na miwani ya Mama. Alikigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye mfuo wa kibanio, akacheka. “Bibi, hiki umekitoa wapi? Hiki ni cha bastola.” Akakunja vidole vyake kuwa bastola, akakipachika chini yake, akawasha, na nukta nyekundu ikatua kwenye kalenda ya kanisa iliyotundikwa ukutani. Mama alimwambia akirudishe mezani.

Mimi sikujua lolote. Jumapili hiyo nilipiga simu kama kawaida. Tulipofika kwenye zamu yangu ya habari, Mama aliuliza kwa upole ambao leo nautambua kuwa ni upole wa mwalimu anayempa mtoto nafasi ya mwisho:

“Mwanangu, huko kazini, unatengeneza nini hasa?”

“Vifaa vya mwanga, Mama. Si nilikwambia?”

“Ulinambia. Haya. Lala salama.”

Ilikuwa saa kumi alasiri, jua linawaka dirishani. Simu ilikuwa imeshakatika.

Miezi minne ilipita namna hiyo. Hakukataa simu yangu hata mara moja. Laiti angekataa, ningekuwa na kitu cha kulalamikia. Alipokea, akanijibu kila swali, akaniuliza afya, akanitakia kazi njema, akakata. Mpwa wangu alipokuwa ameshaniambia yote, nilijua vizuri kinachotakiwa kusemwa, na kila Jumapili nilikiandaa, na kila Jumapili Mama alikata kabla sijapata ujasiri. Au nilingoja akate. Sina hakika kwamba nilikuwa mwepesi wa kusema kuliko yeye wa kuondoka.

Nilibaki nimekaa, simu sikioni, nikisikiliza hewa isiyo na mtu. Kutoka dirishani naiona robot ya njia panda, ndivyo waitavyo hapa taa za barabarani, ikibadilika nyekundu, kijani, njano, hata barabara ikiwa haina gari. Jumapili moja niliiweka simu iliyozimwa kwenye kizingiti cha dirisha na kujaribu kunyamaza peke yangu, robo saa, kama zamani. Nilishindwa. Nikiwa peke yangu ukimya ulikuwa ni kutosema tu. Asubuhi za Jumapili nilikwenda kusali na Wakongo na Warundi kule Albert Park, katika ukumbi wa ghorofa ya chini wenye magitaa mawili na ngoma, na watu wale walinipokea kama ndugu. Lakini nilikuwa nikisimama katikati ya nyimbo zao nzuri nikitamani wote wanyamaze, hata kwa dakika mbili za kadi ya kukwangua, nikajionea haya kwa kutamani hivyo.

Mwezi wa Aprili mwanafunzi mmoja aliyetoka kwetu alinipigia kuwa ana mzigo wangu. Ulikuwa mfuko wa karanga za kukaanga, na ndani ya karanga, kimefungwa kwenye kipande cha leso, kile kijisanduku. Betri zilikuwa zimetolewa. Pamoja nacho kulikuwa na karatasi iliyochanwa kwenye daftari, maandishi ya wino mwekundu aliokuwa akisahihishia: “Kirudishe ulikokitoa. Halafu nipigie.”

Nilipokuwa darasa la tano nilileta nyumbani sumaku ya shule. Mama hakunichapa. Alinivalisha sare, ingawa ilikuwa Jumamosi, akatembea nami hadi nyumbani kwa mwalimu mkuu, akasimama nyuma yangu mpaka nikasema mwenyewe nilichofanya. Safari hii hakuweza kusimama nyuma yangu, lakini nilipoyasoma maneno yale nilihisi kana kwamba nimevalishwa sare.

Nilikaa na mzigo ule wiki tatu. Kukirudisha kulimaanisha kukiri kwamba daftari lilidanganya. Kibali changu kilining'inia kwenye kazi ile. Tena haikuwa sahihi yangu peke yangu. Mwishowe nilianza na yule mama wa Kikongo. Nilimwendea mezani kwake wakati wa chakula, nikamweleza. Aliacha kutafuna.

“Papa, weye! Mi nilisaini juu yako. Nilisema, huyu papa iko mtu ya Mungu, anaendaka kanisa, hawezi kuiba.”

“Ndiyo sababu nimekuja kwako kwanza.”

“Eish. Na mama yako anakukasirikia juu ya kuiba, ao juu ya bunduki?”

“Vyote viwili, nadhani. Zaidi kwa sababu nilimficha.”

Alifikiri, mkono ukiwa juu ya rundo la maboksi. “Mama yako anaogopa bunduki, na hajaionaka. Mi niliiona, ku mlango ya nyumba yetu. Njo maana nafunga hizi vitu bila kuziangalia sana. Niko na watoto watatu, papa, siwezi kuchagua.” Halafu akanisukuma begani, si kwa utani kamili. “Weye uko na diplôme. Enda sema kwa patron. Na useme mi sikujua kitu!”

Nilisema. Mzee alikaa nyuma ya meza yake yenye lenzi za zamani zilizopangwa kama peremende. Tulizungumza kwa Kiingereza, na kwa kawaida hunitania kwa kuniita Profesa. Siku hiyo hakuniita chochote. Alitia betri, akaenda ujiani, akakifunga kwenye bonge la chuma. Nukta ilitua ubaoni.

Aliitazama muda mrefu. “Hiki ndicho kilichokuwa na mkia?”

“Ndicho.”

“Ulilainisha gundi kwa kitu gani?”

“Kwa kikausha nywele cha jirani.”

Nilidhani atacheka. Alitikisa kichwa tu. “Kingeokotwa kwenye bastola ya mtu huko kwenu, na namba ya kiwanda changu juu yake, ningefunga duka hili. Unaelewa? Watu tisa.” Alikifungua, akanipa, akanipa na nyundo. “Kiponde.”

Nilikipondea juu ya fuawe, mwenye kiwanda akiwa upande mmoja na mama wa Kikongo upande wa pili. Pigo la kwanza lilikunja alumini, la pili likaipasua lenzi, la tatu sikulihitaji lakini nililipiga. Tulisaini upya, safari hii wote tukiangalia. Nilipewa onyo la maandishi, nikarudi kwenye ujia wangu, ambako vilengeo vya siku hiyo vilikuwa vikinisubiri kwenye trei.

Jumapili hiyo nilipiga saa kumi kamili. Nilianza kusema kabla hajaniuliza habari ya mvua, kwa kuwa nilijijua. Nilimwambia kiwanda kinatengeneza nini, tangu lini, na kwamba ninaifanya kazi hiyo vizuri. Nilimwambia kwamba jina la vifaa vya mwanga nililichagua kwa makusudi, kama mtu anayechagua nguo ya kufunika kovu. Nilimwambia habari za daftari na za nyundo.

“Kimepondwa?” aliuliza.

“Kimepondwa, Mama.”

“Kilikuwa kizuri,” alisema. Sikuitegemea huzuni iliyokuwa katika sauti yake. “Wale bibi bado wananiuliza mdudu wao yuko wapi. Nimerudi kwenye kijiti. Mmoja anasimama karibu na ubao kunishikia.”

Kisha akauliza lile ambalo nadhani lilikuwa limemkalia kwa miezi yote ile. “Ile nukta ikitua kwa mtu, yeye anaiona?”

Mzee wa kiwandani ana jibu la swali hilo, na nimelirudia mara nyingi kwa watu wengine: kwamba mtu akiiona nukta kifuani mwake hudondosha alichoshika, na risasi haipigwi. Huenda ni kweli. Nililifikia jibu hilo mdomoni, nikaliacha.

“Kifuani anaweza kuiona,” nilisema. “Ikiwa usoni, haioni.”

Nilisikia kiti chake kikilia.

“Na kesho unaenda kazini?”

“Naenda, Mama. Nimeanza kuandika maombi kwingine, hospitali moja na chuo kimoja. Hawajanijibu. Kesho naenda.”

Nikangoja. Nilijua neno litakalofuata, “Haya,” kwa kuwa nilikuwa nimelisikia kila Jumapili tangu Desemba, na mkono wangu ulikuwa umeshaanza kuishusha simu ili nisiisikie ikikatika. Robot ya njia panda ilikuwa nyekundu. Huko kwa Mama kuku alitangaza yai, akanyamaza. Niliirudisha simu sikioni, na nyuma ya mabati yaliyokuwa yakilialia nikausikia ule mluzi.

“Usikate,” alisema Mama.